Je, Wajua? Mungu wa Mapenzi Hakuwa na Viatu

Je, wajua kwamba yule mtoto mnene mwenye mabawa na upinde, anayejaa kwenye kadi za wapendanao, alianza akiwa mkongwe kuliko Zeus? Katika shairi la Hesiod kuhusu nasaba ya miungu, lililotungwa yapata mwaka 700 KK, Eros ni wa nne kutokea ulimwenguni: kwanza ombwe, kisha Ardhi, kisha Tartarus, shimo la giza chini ya dunia, halafu yeye. Hatajiwi baba wala mama. Upinde pia hana. Ana uwezo mmoja tu, wa kulegeza viungo na kuipumbaza akili ya kila mungu na kila mtu. Wachoraji wa vyungu wa Athens walimpa sura ya kijana mwembamba mwenye mabawa, na karne zilivyosonga umri wake ukazidi kupungua, hata alipofika kwa Warumi na kuitwa Cupid alikuwa karibu kunyonyeshwa.

Wagiriki wa kale waliyaogopa mapenzi kwanza. Kuyasifu kulikuja baadaye, na hata sifa zenyewe zilitolewa kwa tahadhari.

Je, wajua kwamba Aphrodite, mungu wa kike wa mapenzi, ana hadithi mbili za kuzaliwa? Homer anasema ni binti wa Zeus na Dione. Hesiod ana habari nyingine: Kronos alimkata baba yake, Ouranos, sehemu za siri kwa mundu, akazitupa baharini. Povu likafanyika, na ndani ya povu akakua msichana aliyeibukia pwani ya Kupro. Baadaye watu wenye hoja walizitumia hadithi hizo mbili kudai kwamba kuna Aphrodite wawili, wa mbinguni na wa mitaani, na kila mmoja ana mapenzi yake. Ukiona mtu anayapa mapenzi daraja la juu na la chini, jua kazi hiyo ilianza zamani.

Wajua aliyefumaniwa kwanza katika fasihi ya Ulaya? Ni huyohuyo Aphrodite. Katika Odyssey, mumewe Hephaestus, fundi chuma mwenye miguu mibovu, alitega wavu mwembamba usioonekana juu ya kitanda, akaaga kana kwamba anasafiri. Ares, mungu wa vita, akaingia. Wavu ukawafunga wote wawili, na fundi akawaita miungu waje kushuhudia. Miungu wa kike walibaki majumbani kwa haya. Wa kiume walifika, wakacheka hadi basi, na Hermes akasema yeye angekubali kufungwa kwa minyororo mara tatu ya ile ilimradi awe hapo alipo Ares.

Je, wajua kwamba kitabu mashuhuri kuliko vyote kuhusu mapenzi kinaanza na watu wanaougua pombe ya jana? Ni Karamu ya Plato, kilichoandikwa karne ya 4 KK. Plato anatupeleka nyuma hadi mwaka 416 KK, nyumbani kwa Agathon, mtunzi wa tamthilia aliyekuwa ametoka kushinda tuzo yake ya kwanza. Wageni walikunywa kupita kiasi usiku uliotangulia. Wanakubaliana kwamba leo asilazimishwe mtu kunywa, binti mpiga zumari aende zake, na badala ya muziki kila mmoja atoe hotuba ya kumsifu Eros.

Msomaji ajue pia kwamba mapenzi wanayoyazungumza wengi wa wageni wale ni ya mwanamume mtu mzima kwa kijana wa kiume. Ndiyo iliyokuwa desturi ya tabaka la juu la Athens. Plato mwenyewe uzeeni, katika kitabu chake cha Sheria, alimfanya mzungumzaji wake mkuu aikatae.

Zamu ya Aristophanes, bingwa wa vichekesho, ilipofika, alishikwa na kwikwi. Daktari Eryximachus akachukua zamu yake huku akimpa tiba: abane pumzi, ikishindikana asukutue maji, ikishindikana kabisa ajitekenye pua apige chafya. Chafya ndiyo iliyofanya kazi. Na ni mchekeshaji huyo, baada ya kwikwi, aliyetoa hadithi ambayo dunia haijaisahau.

Anasema hapo mwanzo binadamu alikuwa wa mviringo, mwenye mikono minne, miguu minne na nyuso mbili kwenye shingo moja. Walikuwapo wa aina tatu: wa kiume kwa kiume, uzao wa jua, wa kike kwa kike, uzao wa ardhi, na wa kiume kwa kike, uzao wa mwezi. Walikimbia kwa kubiringika, wakawa na nguvu na kiburi, wakathubutu kuwashambulia miungu. Zeus hakutaka kuwaangamiza, maana nani angetoa sadaka? Akawapasua katikati. Apollo akaivuta ngozi na kuifunga tumboni, na fundo lake ndicho kitovu. Tangu siku hiyo kila nusu inaitafuta nusu yake. Zeus akaongeza kitisho: wakileta ujeuri tena atawapasua mara ya pili, watembee kwa kurukaruka mguu mmoja. Wanaosimulia hadithi hii harusini huwa wanakiacha kitisho hicho. Pia husahau kwamba Plato aliiweka mdomoni mwa mchekeshaji, na kwamba dakika chache baadaye mgeni mwenzake, mwanafalsafa Socrates, anaipinga: mtu hapendi nusu yake kwa kuwa ni yake, hukubali hata kukatwa mkono wake mwenyewe ukioza. Anapenda kilicho chema.

Wajua Socrates alijifunza wapi mambo ya mapenzi? Anasema alifundishwa na mwanamke, Diotima wa Mantinea, kuhani aliyewahi kuichelewesha tauni isifike Athens kwa miaka kumi. Kwa Diotima, Eros si mungu hata kidogo. Yuko kati ya miungu na watu. Mimba yake ilitungwa siku ya sherehe ya kuzaliwa Aphrodite: Poros, mwenye kujua njia za kupata, alilewa nekta akalala bustanini kwa Zeus; Penia, yaani Ufukara, aliyekuja kuomba makombo mlangoni, akajilaza kando yake. Mtoto akarithi pande zote mbili. Kama mama yake, hana viatu, hana nyumba, hulala chini kwenye vizingiti vya watu. Kama baba yake, ni mjanja na mwindaji, haishiwi mbinu. Huchanua na kufa siku hiyohiyo, kisha akafufuka. Kwa maoni yangu hakuna picha ya mtu aliyependa iliyo kweli kuliko hii, na inashangaza kwamba wachora kadi wameipita.

Usiku uleule wa karamu, Alcibiades, mwanasiasa kijana na mzuri kupita wote mjini, aliingia amelewa chakari, akalalamika mbele ya watu kwamba aliwahi kulala usiku kucha chini ya joho moja na Socrates na lisitokee lolote, kana kwamba amelala na baba yake. Kulipokucha wengine walikuwa wamelala. Socrates akaenda kuoga, akaendelea na siku yake.

Na yale mapenzi yasiyo ya mwili tunayoyaita ya kiplato? Plato hakuyaita hivyo. Jina hilo lilitoka Florence, Italia, karne ya 15 BK, kwa mwanazuoni Marsilio Ficino.

Je, wajua kwamba madaktari wa kale waliyapima mapenzi kwenye mshipa? Yapata mwaka 294 KK, Antiochus, mwana wa mfalme Seleucus, aliugua akakaribia kufa bila ugonjwa kuonekana. Tabibu Erasistratus akakaa chumbani akiangalia nani anaingia na nani anatoka. Walipoingia wengine, kimya. Alipoingia Stratonice, mke kijana wa mfalme na mama wa kambo wa mgonjwa, sauti ilikauka, uso ukawaka, jasho likatoka, moyo ukaenda mbio. Plutarch, anayetusimulia, anasema hizo ndizo dalili alizozieleza mshairi Sappho. Tabibu akamwambia mfalme kwamba kijana anampenda mke wake yeye tabibu. Mfalme akamsihi amwachie mwanawe mke huyo ili apone. Hapo ndipo alipoambiwa ukweli. Seleucus akamwoza mwanawe Stratonice, akawapa na majimbo ya mashariki watawale.

Sappho mwenyewe alizaliwa katika kisiwa cha Lesbos karne ya 7 KK. Shairi lake moja tu ndilo linaloaminika kutufikia likiwa zima tangu kale, nalo limepona kwa sababu mwalimu wa ufasaha, Dionysius wa Halicarnassus, alilinukuu kama mfano wa maandishi yanayotiririka vizuri. Mengi ya mengine ni vipande vya mafunjo kutoka mchanga wa Misri.

Je, wajua kwamba limbwata liliwahi kufikishwa mahakamani Athens? Hotuba ya kesi hiyo ipo, imeandikwa na Antiphon, karne ya 5 KK. Mtu aitwaye Philoneos alikuwa na suria ambaye alikwisha kumchoka, akapanga kumpeleka danguroni. Mke wa rafiki yake akamshawishi suria yule kwamba kuna dawa ya kuwarudisha wanaume wao. Baada ya chakula, huko Piraeus, suria akaitia dawa kwenye divai. Akamzidishia Philoneos, akidhani kwa hivyo atapendwa zaidi. Philoneos alikufa palepale. Rafiki akafa siku ya 20. Suria aliteswa na kuuawa. Miaka ilipita, mtoto wa yule rafiki akakua, akamshtaki mama yake wa kambo kuwa ndiye aliyepanga yote.

Wasikilizaji wa kesi ile hawakuwa wageni wa kisa hicho. Kwenye hekaya, Deianeira alilipaka vazi la mumewe Heracles dawa ya mapenzi aliyopewa na adui anayekata roho. Aliyeshinda simba na majoka akafa kwa vazi la mke anayempenda.

Ukifika makumbusho ya Louvre, Paris, iko sanamu ndogo ya udongo iliyotoka Misri ya enzi za Warumi: mwanamke amepiga magoti, mikono imefungwa nyuma, mwili umechomwa sindano 13. Ilikuwa ndani ya chungu pamoja na bamba la risasi lenye maneno ya Kigiriki ya kumwamuru mwanamke fulani asile, asinywe wala asilale hadi amwendee mwanamume aliyelipia kazi hiyo. Waganga wetu hawakuanzisha jambo.

Je, wajua kwamba hadithi ya Eros na Psyche, inayodhaniwa na wengi kuwa ya Kigiriki tupu, tumeipata nzima kwanza kwa mwandishi wa Afrika? Apuleius alizaliwa Madauros, katika Algeria ya leo, karne ya 2 BK, akaiandika kwa Kilatini. Naye alishtakiwa kwa limbwata! Alioa mjane tajiri aliyemzidi umri, Pudentilla wa Oea, mji ambao sasa ni Tripoli, Libya. Ndugu walioitamani mali wakasema haiwezekani bila uchawi. Akajitetea mwenyewe mbele ya liwali wa Kirumi huko Sabratha, na hotuba yake ingali inasomwa. Hoja yake moja ni tamu: cha ajabu si mjane kuolewa, cha ajabu ni kwamba alikaa miaka yote ile bila kuolewa.

Sasa ndoa. Bibi harusi wa Athens alikuwa na miaka 14 au 15, bwana harusi karibu 30. Mkataba ulifungwa kati ya baba na mkwe; binti hakuhitajika kusema neno. Mali ilitoka kwa baba wa binti kwenda kwa mume, kinyume na mahari yetu, lakini ilikuwa na meno: ndoa ikivunjika mume alitakiwa kuirudisha, akichelewa analipa riba ya asilimia 18 kwa mwaka. Nawafahamu wanaume ambao riba hiyo ingewatuliza.

Ndani ya mji huohuo Pericles, kiongozi mkuu, alimpenda mgeni, Aspasia wa Miletus. Plutarch anasema alimbusu kila anapotoka na kila anaporudi, jambo lililoonekana kituko kiasi cha kuandikwa. Mwaka 451 KK Pericles huyohuyo alikuwa amepitisha sheria kwamba raia wa Athens ni yule tu ambaye baba na mama ni Waathens. Sheria ikamnyima uraia mtoto wake na Aspasia. Tauni ilipoua wanawe wa ndoa, akalazimika kuwaomba wananchi wamwonee huruma, nao wakamkubali kijana. Akakua, akawa jemadari, akashinda vita vya majini vya Arginusae mwaka 406 KK, na wananchi wale wale wakamhukumu kifo pamoja na wenzake kwa kutowaokoa mabaharia waliozama.

Je, wajua bibi harusi aliyewashinda wazazi na falsafa kwa mpigo? Hipparchia wa Maroneia, karne ya 4 KK, binti wa nyumba yenye uwezo, aliwakataa wachumba wote, wenye mali na wenye sura. Alimtaka Crates, mwanafalsafa Mkyniki aliyegawa utajiri wake na kubaki na fimbo na mkoba. Akawaambia wazazi atajiua asipoozwa kwake. Wazazi wakamwita Crates mwenyewe aje amkanye binti yao. Akajitahidi, hakusikilizwa. Mwisho akasimama mbele yake, akavua nguo zote, akamwambia bwana harusi ndiye huyu na mali yake ndiyo hii, achague akijua hatafaa kuwa mwenzake asiposhika njia yake. Hipparchia akachagua. Akavaa joho kama lake, akaenda naye karamuni ambako wake za watu hawakwenda, akabishana na wanaume na kuwashinda. Diogenes Laertius, aliyekusanya habari za wanafalsafa, alimpa sura yake kitabuni.

Haraka haraka sasa. Kwenye hekaya, kijana Acontius alichora kwenye tunda kiapo cha kuolewa naye, akalibiringisha mbele ya Cydippe hekaluni Delos. Cydippe akalisoma kwa sauti, kama watu wengi walivyosoma zamani, akawa amekwisha kuapa. Mji wa Thespiae uliabudu Eros kwa jiwe lisilochongwa. Praxiteles alipochonga Aphrodite akiwa uchi, watu wa Kos walichagua sanamu nyingine yenye nguo. Knidos wakaichukua hiyo, na mfalme Nicomedes alipotaka kuinunua kwa kulipa deni lote la mji, wakakataa. Thebes ilikuwa na kikosi cha wapiganaji 300, jozi 150 za wapenzi, kilichoangamizwa Chaeronea mwaka 338 KK. Empedocles wa Sisilia alifundisha kwamba Upendo na Ugomvi ndio wanaochanganya na kutenganisha moto, hewa, maji na udongo. Na Epicurus alisema kujamiiana hakujamfaidi mtu; ashukuru kama hakukumdhuru.

Aristotle alikuwa mpole zaidi. Kati ya vitabu kumi vya Maadili ya Nicomachus, viwili vizima ni vya urafiki, na anaugawa mara tatu: wa faida, wa raha na wa wema. Wa wema ni adimu na unahitaji muda; anasema, kama methali, watu hawajuani mpaka wale chumvi pamoja. Wosia wake tunao. Aristotle, aliyekufa mwaka 322 KK, aliagiza mifupa ya mkewe Pythias iwekwe kaburini pamoja naye, kama mke mwenyewe alivyotaka. Kwa Herpyllis, aliyeishi naye baadaye, aliacha talanta ya fedha, watumishi wa kike watatu na nyumba ya kuchagua, na akiwa tayari kuolewa apewe mtu anayestahili, kwa kuwa alimtendea mema. Mwalimu wa mantiki alijua kuagana.

La mwisho, maana limezagaa kwenye makundi ya WhatsApp. Je, wajua kwamba Wagiriki wa kale hawakuacha orodha ya aina saba za mapenzi? Mwandishi C. S. Lewis aliandika kitabu juu ya mapenzi manne mwaka 1960. Mwaka 1973 mwanasosholojia wa Kanada, John Alan Lee, akatoa mitindo sita, na mmoja wapo, ludus, ni Kilatini. Wengine wakaongezea wa saba. Hata agape, tunayohubiriwa kuwa ni upendo safi wa kimungu, haikuwa safi siku zote: tafsiri ya Kigiriki ya maandiko ya Kiyahudi, kazi iliyoanza Alexandria karne ya 3 KK, inalitumia neno hilohilo kwa Amnoni aliyemtamani dada yake Tamari na kumnajisi, katika 2 Samweli 13. Kwa hiyo ukitumiwa tena ile orodha ya saba, muulize aliyekutumia ni Mgiriki yupi aliyeiandika.